Bakuli la Upupu Kule Birongo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokaribia kumkosa mke kwa sababu ya bakuli la mboga. Nilikuwa nimerudi kutoka Kericho kuchuma chai, nina viatu vya ngozi na kofia, na kichwa kilichokuwa chini ya kofia kilijaa upepo. Mjomba akanipeleka Birongo, kwa wazazi wa msichana aliyeitwa Kerubo, ili wanijue.

Walituandalia ugali wa wimbi na mboga ya kijani iliyotiwa maziwa. Tonge la kwanza lilikuwa tamu. Baada ya la pili nikauliza ni mboga gani.

"Upupu," akajibu bibi yake Kerubo, ambaye wote walimwita Magokoro.

Nikasukuma bakuli. Kwetu Masimba upupu ule wa majani yenye meno uliota ovyo nyuma ya zizi, kazi yake kuwasha miguu ya watoto. "Kwetu mgeni huchinjiwa kuku," nikasema. Mjomba akainamisha uso. Kerubo alikuwa amesimama mlangoni na maji ya kunawa. Akageuka nayo, akarudi jikoni.

Magokoro hakupandisha sauti. "Mama yake Kerubo alipomzaa, hakuwa na nguvu hata za kuinua kikombe. Nilimnywesha mchuzi wa upupu asubuhi na jioni mpaka akasimama. Tumekupa mboga tunayoiheshimu, kijana. Kuku hata mwewe anakula."

Nikaomba radhi.

"Radhi ya mdomo ni nyepesi," akasema. "Njoo uchimbe mizizi, ukapande kwenu. Ikistawi, utuletee mboga."

Huko bustanini akanipa jani la mgomba nifunike mkono. Mimi, bingwa wa chai, nikalikataa. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende; kwangu mkono ndio ulioota, ukaniwasha hadi Masimba.

Nikapanda chini ya migomba, nikatia samadi. Mvua zilipokuja upupu ukashamiri. Mama, ambaye kumbe aliula utotoni, akanifunza kuchuma vilele vichanga kabla ya maua, na kwamba ukichemka ukali wote huisha. Kisha nikabeba kikapu kichwani, mwanamume mzima, hadi Birongo. Wanawake wa njiani wakaniuliza kama nimeoa au nimeolewa.

Kerubo ndiye aliyepika. Magokoro akatafuna polepole.

"Mwambie mjomba wako arudi tuzungumze mahari," akasema mwishowe. Jikoni nikasikia Kerubo akicheka.

Basi, mwanangu, ukikaribishwa, kula kwanza, kisha uulize, na uulize ili ujifunze. Chakula cha watu kina habari zao ndani yake; ukikidharau, umewadharau wazee wao waliokufa na wale waliopona kwacho. Na ukikosea, usitubu kwa maneno tu, shika jembe. Mungu akupe shamba lisilokataa mbegu, mikono isiyoona haya kubeba kikapu, na nyumba yenye kicheko jikoni.