Isale Mbele ya Jaji

Mwanangu, kule Old Moshi walisema sitavaa joho hata la kuazima. Leo stashahada yangu ya uchapaji iko ukutani, na mashine iliyo chini yake ni yangu, jasho la miaka niliyokaa nchi za watu. Najisifu, ndiyo; nikimngoja mwingine anisifu nitazeeka. Lakini nakumbuka siku moja nilipokuwa mjinga kuliko wote walionicheka.

Nilikuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi chuoni. Tuliandika kwamba bweni la wasichana halina maji, ilhali bustani ya mkuu wa chuo inamwagiliwa kila asubuhi. Kweli tupu. Chuo kikafunga gazeti, kikanifukuza na mimi. Tukakishtaki.

Kesi ilipokaribia, woga ukanishika. Sisi Wachagga tuna isale, jani ambalo mkosaji humpelekea aliyemkosea, naye akilipokea hana budi kusamehe. Nikalichuma kihambani, shamba la ukoo wetu, nikampelekea mkuu nyumbani, Mchagga mwenzangu, bila kumwambia wakili wetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Aa, kumbe umelelewa! Yamekwisha, kijana wangu."

Akanimiminia mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikashuka mlima nikipiga mluzi.

Mahakamani, wakili wa chuo akainua jani lile, limeshanyauka. "Mheshimiwa Jaji, kwa mila yao, anayeleta hili amekiri kosa."

Mwanangu, lilikuwa lile lile nililolichuma kwa mkono wangu! Nilimtazama mkuu, akatazama dari. Jani la babu zetu, limegeuzwa kielelezo!

Tulishindwa. Gazeti halikuchapwa tena, wala mimi sikurudi chuoni pale. Nje, wakili wetu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, aliniuliza, "Yule mzee ulimkosea nini?"

"Hakuna, mama."

"Sasa isale ya nini? Na mimi ukanificha! Mficha uchi hazai, baba."

Wiki ile ile nikavuka mpaka pale Holili na begi moja, nikaanza kwa kufagia kiwanda cha uchapaji.

Sikukatazi kuomba radhi. Nilipokosea kweli, isale nimeipeleka tena, kwa magoti. Ila omba radhi kwa sababu ya kosa, si kwa sababu ya hofu. Na aliyekubali kukutetea, mweleze yote, hata ya aibu.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka, na akikupa adui, basi awe mwenye haya.