Sukari Iliyofichwa Kathiani

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya mtu mmoja mbishi aitwaye Musyoka. Musyoka ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Machakos mjini, na ndiye nahodha wa kundi letu la waendesha baiskeli. Mwaka huo, simu za mkono ndiyo kwanza zinaanza kuning'inia viunoni mwa watu, kundi lilikuwa limeamua kuendesha kutoka Machakos mpaka Mombasa. Niliposema nami nimo, Musyoka alinitazama kama anayetazama gurudumu lililopinda.

"Swaleh, si wewe uko na ugonjwa ya sukari?" alisema. "Ukianguka huko Mtito Andei, mama yako nitamwambia nini?"

Nilimjibu kwamba najidunga insulini tangu nikiwa shule, na miguu yangu haijawahi kulalamika. Tulibishana mpaka watu wakaanza kutukusanyikia. Mwishowe akatoa hukumu. Twende sisi wawili kwanza, siku mbili: Mitaboni, Kathiani tulale kwa dada yake, kesho yake tushuke Lukenya na kurudi kwa barabara kubwa. "Ukimaliza bila kuanguka, Mombasa uko ndani. Ukianguka, utatupungia mkono tukitoka."

Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Mombasa ndiko alikotoka babu yangu kabla ya kuhamia Machakos na biashara yake ya vitambaa, na tangu utotoni nimeota kuingia mji ule kwa nguvu za miguu yangu mwenyewe. Ningekubali hata kama angeniambia niendeshe kinyumenyume.

Siku moja kabla ya safari nilimweka Musyoka chini, nikamweleza hali yangu. Sukari yangu huenda pande mbili. Nikila bila sindano, inapanda na kuniumiza polepole. Nikijidunga kisha nikaendesha bila kula vya kutosha, inashuka na kuniangusha papo hapo, na hapo dawa ni sukari yenyewe. "Ukiniona naongea kama mlevi," nilimwambia, "nitie sukari mdomoni, usiniulize." Akaitikia kwa kichwa. Nikaridhika.

Jumamosi asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, mama alinitilia chupa ya insulini ndani ya themosi yenye maji baridi, akaizungushia themosi kitambaa kilicholowa maji. Mfukoni nilikuwa na kipimo cha kutoboa kidole, pakiti ya glukosi na viazi vitamu vya kuchemsha. Nilipunguza dawa ya asubuhi kama daktari alivyonifundisha kwa siku za mazoezi, nikanywa uji, nikapima. Safi kabisa!

"Usijifanye dume," mama aliniambia mlangoni. "Ukichoka, sema."

"Nitasema, mama."

Mlima wa Mutituni ulitupokea bila salamu. Kuna baridi pale asubuhi, na barabara inapanda, inapinda, halafu inapanda tena pale unapodhani imekwisha. Nilibadilisha gia, nikainama, nikasikia moyo unapiga na mapafu yanafunguka. Musyoka alikuwa mbele, mgongo wake mpana kama mlango wa duka, nami nikamfuata tairi kwa tairi. Kila tuliposimama nililamba glukosi kidogo na kula kipande cha kiazi. Akina mama waliokuwa wakipalilia maharagwe kwenye matuta waliinuka kututazama. Mmoja akauliza kwa sauti tunafukuzwa na nani. Nilicheka hadi nikayumba.

Mitaboni tulifika siku ya soko, na huko nilisahau kabisa kama mimi ni mgonjwa. Kulikuwa na mahindi kwa debe, vikapu vya kiondo, mbuzi wakilia na maembe yaliyopangwa mafungu mafungu. Mtu alipopasha habari kwamba tunajiandaa kwenda Mombasa, tulizungukwa. Huyu anabonyeza tairi, yule anapiga kengele, mwingine anataka kujua tutalala wapi simba wakitukuta Tsavo. Musyoka alijibu maswali kama mbunge. Mimi nilisimama pembeni ya baiskeli yangu nimevimba kichwa, nikapeana mikono na watu nisiowajua. Pakiti ya glukosi ilikuwa imekwisha mlimani, na nilikuwa nimepanga kununua nyingine pale pale sokoni. Furaha ikanifuta kumbukumbu. Tulipoondoka, nilikuwa nimenunua kengele mpya.

Adhuhuri tuliingia Kathiani. Nyumba ya Mwikali, dada yake Musyoka, iko juu ya kilima, imezungukwa na migomba, mipapai na mahindi, nasi tulisukuma baiskeli kipande cha mwisho. Mwikali alitoka mbio, akamshika kaka yake mikono yote miwili, kisha akanigeukia.

"Karibu sana, Swaleh. Musyoka ametuma habari yako yote. Jisikie nyumbani."

Musyoka akachukua ndoo, akashuka mtoni kuoga. Mimi nilibaki uani, na hapo ndipo nilipofanya hesabu yangu ya kijinga. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Ndani niliona sufuria kubwa juu ya mafiga, mvuke unafuka, na moto unawaka vizuri. Nikajiambia: chakula tayari, kinachobaki ni kupakua. Insulini yangu hutaka kutangulia chakula kidogo ili vikutane njiani. Nikazunguka nyuma ya ghala, nikatoa sindano, nikajidunga tumboni. Nikarudi, nikakaa vizuri kwenye kiti, mikono nimenawa, nasubiri muthokoi wa mahindi na maharagwe.

Mwikali akatoka jikoni. Mkono mmoja ameshika kisu, mwingine jogoo mkubwa mwekundu, mzima, ananitazama.

"Tumekungojea wewe," alisema kwa furaha kubwa. "Najua nyinyi Waislamu mnachinja wenyewe. Sasa si ningechinja mimi, ukose kula kwangu? Maji ya kunyonyoa yako tayari, inachemka."

Maji ya kunyonyoa! Ile sufuria nzima ilikuwa maji matupu. Chakula changu kilikuwa bado kina manyoya, na kilikuwa kinanikodolea macho.

Nifanye nini? Mama wa watu amenitunzia heshima ya dini yangu kuliko hata baadhi ya jamaa zangu. Nilimshika jogoo, nikaelekea kibla, nikasema bismillahi, nikachinja. Mkono ulikuwa bado imara. Nikajifariji kwamba chai itakuja kwanza, na chai ya Ukambani huwa tamu mpaka meno yanashtuka.

Chai ilikuja. Nikapiga funda kubwa. Haikuwa na hata chembe ya sukari.

"Yako nimepika kando," Mwikali alisema, akitabasamu. "Musyoka alisema uko na ugonjwa ya sukari. Hapa kwangu hutapata shida, nesa, sawa? Sukari yote nimepeleka kwa jirani, hata usiione. Ndizi pia nimeondoa. Kuku nitakupikia na sukuma wiki, bila muthokoi, nimesikia mahindi ni mbaya."

Nilipaswa kusema hapo hapo. Lakini Musyoka alikuwa bado mtoni, wimbo wake unapanda kilima, na niliisikia sauti yake ya juzi: ukianguka, utatupungia mkono. Nikafikiri, nikisema nimeishiwa, nimeanguka. Nikajikaza. Nikanywa chai chungu, nikasifu jogoo.

Jasho lilianza mgongoni, jembamba na baridi. Midomo ikafa ganzi. Majirani wawili walikuja kunisalimu, nami niliwajibu, ila maneno yalitoka yamelegea na niliona wakitazamana. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwa Kikamba. Sikuhitaji kutafsiriwa: walidhani nimetoka Mitaboni nimelewa. Mikono ilianza kutetemeka mpaka kikombe kikagonga sahani. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikiona kifo hicho kikivuta kiti kinikalie karibu. Nikaogopa kweli.

"Nipe sukari," nikamwambia Mwikali.

"Aiyai! Sukari?"

"Sukari. Nyingi. Sasa."

"Wewe nikupe sukari ufe kwa nyumba yangu? Mama yako nitamwambia nini?" Alikuwa karibu kulia. Mmoja wa majirani akamuunga mkono Mwikali, akasema ugonjwa huu huwa na uchu, mtu asikubaliwe. Nilijaribu kueleza, ulimi ukanisaliti. Nilitaka kusimama niende kwenye mpapai, magoti yakakataa, nikajikuta nimekaa chini kwenye vumbi, mgongo ukiegemea gurudumu la baiskeli.

Musyoka alifika kutoka mtoni, akaniona. Aliitupa ndoo.

"Anaongea kama mlevi?" aliuliza.

"Hata vile anaongea hatumwelewi," Mwikali alisema.

"Leta sukari! Mwikali, kimbia!"

"Si ulisema ako na—"

"Kimbia!"

Mwikali alivuka ua kwa jirani kanga ikipepea. Musyoka aliangua papai bivu, akalipasua kwa mikono yake ya chuma, akanisukumia nyama yake mdomoni pamoja na mbegu. Kisha sukari ikafika, mfuko mzima. Akanilisha kwa kijiko, mbele ya majirani waliofumba midomo kwa viganja, kana kwamba wanamtazama mtu akinywa sumu. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Baada ya muda kidogo miti iliacha kucheza, jasho likakauka, na nikauliza jogoo amefikia wapi.

Hapo Mwikali akacheka na kulia kwa pamoja. Jioni ile nilikula muthokoi kwa bakuli, kuku na ndizi, na yeye akikaa karibu akinihoji mpaka akaelewa pande zote mbili za maradhi yangu. "Kwa hivyo sukari ndiyo ugonjwa na ndiyo dawa," alisema. "Musyoka alinipatia nusu ya maneno."

Musyoka alikuwa anakula ameinama, bila kunitazama. Nilikuwa nimeanguka. Alinikuta chini, kwa macho yake.

Jumapili asubuhi Mwikali alitujazia mifuko kabla ya kwenda kanisani: ndizi, na sukari aliyoifunga kwenye karatasi, kwangu na kwa kaka yake. Tukashuka. Wallahi, huo mteremko! Njia ya vumbi inaviacha vilima, na chini tambarare inafunguka yote, ya kijani na kahawia, ng'ombe wa mashamba makubwa wakionekana kama punje za maharagwe. Niliachia breki nikapiga kelele. Musyoka naye akapiga kelele. Upepo ulitujaza mashati, na kwa muda ule sikuwa na maradhi, sikuwa na mtihani, nilikuwa na magurudumu mawili na dunia inateremka.

Lukenya tulifika jua limepanda. Tulipita wachimbaji wa mawe, weupe kwa vumbi kutoka nywele hadi vidole. Nilisikia midomo inaanza kuwasha. Kidogo tu. Musyoka alikuwa mbele, mwendo mzuri, na barabara kubwa ilikuwa inaonekana. Ningeweza kunyamaza mpaka tufike.

"Musyoka!" nikaita. "Sukari inashuka. Tunasimama."

Alifunga breki papo hapo. Nilipima, nikamwonyesha namba, nikala ndizi na sukari ya Mwikali. Tukaingia kibanda cha chai cha wachimbaji. Musyoka akamwambia mwenye kibanda, kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Huyu ako na ugonjwa ya sukari. Kwa hivyo muwekee sukari mingi." Wachimbaji wakaacha kutafuna. Ilibidi awaeleze yote, mwanzo mpaka mwisho, akipigapiga meza, na nikaona anaeleza vizuri kunipita.

Barabara kubwa ilituletea malori ya Mombasa. Kila moja lililotupita lilinichoma moyo, maana lilikuwa linaenda nisikoenda. Njia panda ya Machakos tukakata kushoto, tukaendesha, vilima vya nyumbani vikikua mbele yetu. Nilikuwa na nguvu. Nilimpita Musyoka kwenye mwinuko wa mwisho, na hata hilo halikunifurahisha kama inavyopasa.

Alasiri tulifika nyumbani. Mama alikuwa mlangoni. Alinishika uso, akanitazama macho, kisha akamgeukia Musyoka.

"Ameanguka?"

Nilitazama chini. Ningeweza kusema mwenyewe, lakini swali halikuwa langu.

"Alianguka, mama," Musyoka alisema.

Mama alifumba macho.

"Mimi ndiye nilimwangusha," Musyoka akaendelea. "Nilimwambia dada yangu nusu. Na yeye akanyamaza kwa sababu ya masharti yangu. Leo Lukenya ameanza kuskia vibaya, akaniita kabla mimi nijue." Akapanda baiskeli yake, akaweka mguu kwenye pedali. "Mombasa nitasema yote. Kila mahali tutalala."

Ilinichukua muda kuelewa alichosema. Alikuwa amefika kwenye kona nilipopiga kelele ya furaha kwamba Mombasa niko ndani, na majirani wakatoka kuuliza kuna nini.

Nilijifunza nini? Nisijidunge mpaka sahani iwe mbele yangu na nimeona kilichomo. Nisivuke soko bila glukosi, hata kama kuna kengele nzuri kiasi gani. Na kwamba mdomo nao ni kifaa cha safari, kama pampu na kiraka. Mama aliniuliza kama nina njaa. Nikamwambia ninayo, tena sana, na kwamba nataka kula sasa hivi.