Nilimfundisha ora wangu kuosha makapeti Homa Bay, akahamia Migori, bei yake ikaninyima usingizi

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Juzi kijana mmoja aliuliza hapa: anafungua kazi ya kuosha makapeti, atoze ngapi? Majibu yakamiminika. Wa Kisumu na bei yake, wa Nakuru na yake. Nilisoma yote nikanyamaza, kwa sababu swali hilo liliwahi kunitoa jasho, na jibu lake nililipata kwa njia ya aibu.

Leo nasimulia kama ilivyokuwa. Pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga. Ni mambo ya miaka ya tisini, kwa hiyo vijana mnivumilie kidogo.

Mimi nilikuwa naosha makapeti Homa Bay. Nilikuwa na kibaraza cha saruji nyuma ya nyumba niliyopanga, brashi tatu, sabuni ya unga na baiskeli ya kubebea. Maji nilichota ziwani mwenyewe, bure.

Wateja wangu wengi walikuwa wafanyakazi wa serikali. Wakati huo Homa Bay ndiyo ilikuwa makao makuu ya wilaya nzima, hata Migori ilikuwa chini yetu. Karani akipata nyumba ya self-contained, kitu cha kwanza ni kapeti ya wall-to-wall, ikatwe kulingana na chumba, kila kona. Nilitoza kwa ukubwa: ndogo, ya kati, na ya sebule nzima. Basi.

Sasa ndipo anaingia Ouma.

Ouma ni kaka ya mke wangu, mdogo wake wa kumfuata. Alimaliza shule akakaa bila kazi, mke wangu akaniomba nimshike mkono. Kwa wasiojua, kwetu Wajaluo kaka wa mke si mtu wa kuzomea. Mnaitana ora, yaani shemeji, mnapeana kiti, mnaongea kwa staha. Kwa hiyo nilimfundisha kazi bila kumpandishia sauti hata siku moja, na aliniharibia brashi mbili.

Nilimfundisha kila kitu. Kwamba kapeti hulipigi maji kabla hujalikung'uta vumbi, la sivyo unatengeneza tope. Kwamba unalisuuza mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Kwamba maji unayasukuma nje kwa ubao, na ukianika kwenye waya bila kuufunika kwanza, kutu itakuandikia mstari katikati ya kapeti la mtu.

Akajua. Alikuwa na mkono mzuri, nakiri.

Kisha wilaya ikagawanywa. Migori ikapata wilaya yake na ofisi zake. Malori yakaanza kubeba vitanda na meza za watu kutoka kwetu. Homa Bay tukaanza kuona karatasi za nyumba za kupangisha zimebandikwa milangoni, kitu ambacho hatukukizoea. Migori ikawa kinyume. Watu walikuwa wanalala wawili wawili chumba kimoja wakingoja nyumba iishe kupakwa rangi.

Ouma akasema, "Ora, naomba ruhusa nijaribu huko."

Nilimpa ruhusa na brashi moja. Moyoni nilijua atarudi baada ya mwezi.

Hakurudi. Zilirudi habari.

Na habari zilipitia kwa mke wangu, Mama Beryl, tena wakati wa kula. "Ouma amepata baiskeli ya pili." Nakata ugali. "Ouma ameandika mtu wa kumsaidia." Natafuna. "Ouma anatoza mara mbili ya unayotoza wewe, na watu wanapanga laini." Hapo samaki akanikwama.

Wakuu, wivu sisi tunauita nyieko, na ni ugonjwa unaokula kwanza mtu wa nyumbani. Jirani akifanikiwa unaweza kusema ana bahati. Lakini mtu uliyemwonyesha jinsi ya kushika ubao? Kila nilipoinama kusugua nilikuwa nasikia lile neno, mara mbili, mara mbili, kwa mdundo wa brashi.

Halafu akaleta zawadi.

Alimtumia dada yake kapeti. La maruni, zito, zuri kuliko lolote lililowahi kuingia kwangu. Lilikuwa kubwa kuliko sebule yetu, likapanda ukutani upande mmoja, na kwenye ukingo lilikuwa limekatwa pengo la mraba, kama mahali lilipozunguka nguzo au kizingiti. Mke wangu alilitandika akiimba.

Mimi nikasema, "Lina tundu."

Akasema, "Weka kiti juu ya tundu."

Niliapa kimoyomoyo kwamba sitalipiga brashi kapeti lile. Na sikulipiga. Watoto walimwaga uji, wageni waliingia na matope, mie naosha ya watu nje huku la kwangu linageuka rangi ya barabara. Mama Beryl alijua sababu. Alikuwa akilifagia taratibu mbele yangu, nikiwa nimekaa.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Niliamka asubuhi moja nikafuta ubao wangu wa bei nikaandika bei ya Ouma. Mara mbili, kila saizi. Sikubadilisha sabuni, sikubadilisha kazi. Hoja yangu ilikuwa moja: mimi ndiye mwalimu, mwanafunzi hawezi kuwa ghali kuliko mimi.

Wa kwanza kusimama mbele ya ubao alikuwa Nyar Kisegi. Huyu alikuwa mama mwenye ploti ya nyumba kumi, aliyeolewa mjini kutoka Kisegi, na wapangaji wake ndio walikuwa nusu ya kazi yangu.

"Baba Beryl, hii bei umeitoa wapi?"

"Ndiyo bei ya siku hizi, mama. Migori ni hiyo hiyo."

"Migori." Akaangalia ziwa, akaniangalia. "Mimi niko na nyumba nne tupu. Waliobaki wananiambia nishushe kodi ama wahamie kwa jirani, na nimeshusha. Sasa mimi nashusha nyumba, wewe unapandisha sabuni?"

"Kazi ni ngumu, mama."

"Ilikuwa rahisi juzi?"

Akaondoka. Wapangaji wake nao wakaniacha mmoja mmoja. Mtu ambaye amebembelezwa kodi na mwenye nyumba hawezi kukubali kukamuliwa na muosha kapeti. Walibeba makapeti yao ufukweni wenyewe, wakayakanyaga kwa miguu, na mimi nikawa naona kila kitu kutoka kwenye kibaraza changu kikavu.

Ningeweza kurudisha bei ya zamani. Sikurudisha. Ubao ule ulikuwa ni mimi na Ouma, haukuwa na uhusiano na wateja tena.

Kazi ilipokauka kabisa, mke wangu alinieleza jambo alilokuwa amelibeba kwa siku nyingi. "Ouma anasema anahitaji mtu anayejua kazi. Anasema hawezi kukuomba mwenyewe, ni aibu kwake. Ila ukikubali, atafurahi."

Mnaelewa? Niende Migori niwe kibarua wa ora wangu. Anilipe mkononi, kisha anipe kiti kwa staha.

Nilimwambia nitafikiria. Kesho yake nikasema naenda Migori kununua brashi. Mpango wangu ulikuwa kusimama ng'ambo ya barabara nimchunguze. Lazima kuna kitu anafanya, labda anachanganya dawa kwenye sabuni, labda anadanganya vipimo.

Wakuu, msijaribu kumpeleleza mtu ambaye ni ora wenu.

Sikumaliza hata dakika tano. Mwanamke mmoja muuza ndizi alinitambua kutoka arusi yetu, akaita kwa sauti, "Ouma, mume wa dada yako yuko hapa juani." Ouma akaacha brashi, akanawa mikono, akanipokea kwa mikono miwili. Kazi ikasimama. Nikaingizwa ndani, nikapewa kiti chenye kitambaa, na mtu akatumwa kutafuta kuku.

"Ora, nitoke tu nje nikae na wewe ukifanya kazi," nilisema.

"Haiwezekani, ora. Wewe ni mgeni wetu."

Nikakaa ndani nimegeuzia ua mgongo, nasikia brashi zikisugua nyuma yangu, na sioni kitu. Nilikaa hivyo mpaka kuku akaiva.

Lakini nikiwa ndani nikaanza kuona nisichokuwa nakitafuta. Kilikuwa chumba kimoja. Madumu ya maji yamepangwa kuanzia mlangoni mpaka kitandani. Nikamuuliza ya nini.

"Hapa maji yanauzwa, ora. Punda analeta. Nikiosha kapeti moja kubwa nimekunywa punda mzima." Akacheka. "Na hiki chumba mwenyewe amekiongezea kodi mara mbili tangu niingie. Mimi naota lile ziwa lako."

Sikucheka. Nilikuwa nimeona bei yake kwa miezi, sikuwahi kuona madumu.

Tulipomaliza kula nikajikaza nikauliza. "Ora, hawa watu wanakubalije hiyo bei?"

Akafikiri. Nakumbuka alijifuta mikono kwanza, ngozi ya vidole imepasuka kwa sabuni.

"Mimi siuzi kuosha, ora. Hapa nyumba ikipatikana leo, kuna watu wengine watano wanaitaka. Huyu aliyeipata lazima aingie kesho. Anakuta kapeti ya mtu wa zamani inanuka samaki. Haniulizi bei. Ananiuliza itakauka saa ngapi."

"Na wale waliotoka kwenye hizo nyumba?"

"Wameongezewa kodi, wameenda kwa ndogo. Kapeti yao ilikatwa kwa chumba kikubwa, haiingii. Wananiachia ama wananiuzia. Ile ya dada ni ya karani mmoja hivi. Lile pengo lilikuwa la nguzo ya sebule yake."

Lile tundu. Nililikalia na kiti miezi yote hiyo. Soko zima la nyumba za Migori lilikuwa limetandikwa sebuleni kwangu na mimi nilikuwa nalinunia.

Kisha Ouma akaniuliza, kwa upole wa kuumiza, kama nilivyokuwa nikimuuliza mimi zamani kwenye kibaraza: "Huko kwetu nani anahama?"

"Wanaohama wanakuja kwenu."

"Na kapeti zao?"

"Wengi wanaacha. Zilikatwa kwa vile vyumba."

"Nyumba inabaki na nani?"

"Na mwenyewe."

"Basi ora," akasema, "mteja wako si mpangaji tena."

Niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta mfupa. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga, vyote kwa pamoja.

Kuhusu kazi hakunigusia, na mimi sikugusia. Brashi sikununua.

Nilipofika Homa Bay nilifuta ubao, sikuandika kitu. Nikaenda kwa Nyar Kisegi. Nilianza kwa kuomba msamaha, maana ilibidi. Halafu nikamuuliza makapeti yaliyoachwa kwenye zile nyumba nne yako wapi.

"Yamekunjwa huko nyuma. Yananuka. Nataka kuyachoma."

"Usichome. Nipe niyaoshe, niyarudishe kila moja kwenye chumba chake. Wewe ukitangaza nyumba, tangaza ina kapeti. Bei yangu itakuwa chini hata ya ile ya zamani. Lakini nipe zote nne, na kila nyumba ikibadilisha mtu uniite mimi."

Akanitazama sana. "Hii nayo ni ya Migori?"

"Hii ni ya hapa, mama."

Akanipa moja kwanza, anijaribu. Nikaosha siku nzima. Mwalimu mmoja aliyetoka Karungu alikuja kuona nyumba, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaingia na soksi. Nyar Kisegi aliona zile soksi. Jioni hiyo akanipa tatu zilizobaki.

Kazi ikarudi polepole. Wenye ploti wengine wakaja, kwa sababu mwenye nyumba tupu haogopi kitu kama nyumba ya jirani iliyojaa. Bei yangu haikufika nusu ya ile ya Ouma, lakini maji yalikuwa bure na nyumba zilikuwa nyingi. Migori sikwenda kuwa kibarua.

Jumamosi moja nilitoa viti vyote nje, nikalivuta lile la maruni mpaka kibarazani. Nilikung'uta vumbi mpaka jirani akafunga dirisha. Nilisuuza, maji yakatoka meusi, nikasuuza tena, meusi. Mama Beryl alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Huyu mteja alikuwa mchafu sana," akasema.

"Sana," nikasema. "Niletee maji."

Akaleta.

Kijana uliyeuliza, jibu langu ni hili, na nakutakia heri nalo. Usianze na bei. Anza na nyumba za mahali ulipo. Zinajaa au zinabaki tupu? Kama zinajaa, mtu anayeingia ana haraka, na haraka yake ina bei nzuri. Kama ziko tupu, ongea na mwenye nyumba, chukua kidogo kwa nyingi. Na kabla hujaiga bei ya mtu, uliza analipia nini ambacho wewe hukilipii. Utaweza, si kazi ya uchawi. Mimi niliiweza nikiwa na roho chafu, wewe una roho safi.

Walio kwenye kazi hii, Rongo, Awendo, Isebania, popote, waseme huko kodi zikipanda au zikishuka wao hufanyaje. Nitasoma zote na anayeuliza nitamjibu.

Nyongeza: kuna aliyeniuliza kama ule wivu uliisha. Ouma sasa ni mzee kama mimi na bado ana ua wake Migori. Nikienda kumsalimia, huwa nashuka mbali kidogo nitembee, ili nikipita nihesabu makapeti aliyoanika. Muuza ndizi alishafariki, lakini binti yake ananiona, na ananiita kwa sauti ile ile.