Siku Miguu Yangu Ilipokataa Kuinuka Mkekani

Pazia la akina mama lilimwangukia papa Rajabu kichwani, na aliyeling'oa ni mimi, mchumba niliyekuja kumposa binti yake. Jambo hili nimelificha miaka mingi, na hata sasa nikilisimulia masikio yanapata moto, lakini mmeniuliza tena kwa nini nilichelewa kuoa, basi sikilizeni.

Ilikuwa hapa hapa Kisangani, miaka michache baada ya uhuru, wakati karatasi za ofisi bado ziliandikwa Stanleyville, jina la zamani la mji, na habari za waasi zilisogea karibu kila juma. Nilikuwa karani wa kupiga taipu bandarini, na mkimbiaji wa masafa marefu, tena si wa mwisho. Zaina nilimpenda naye alinipenda. Aliyebaki kukubali ni baba yake, papa Rajabu, fundi cherehani wa familia za zamani za Waislamu wa mji, ambaye kwa nyakati zile hakutaka mkwe legelege. Mjomba wangu, tonton Feruzi, alikuwa amenipamba kwake mapema: "Huyu mutoto iko na miguu ya chuma, papa. Vita ikifika, atamubeba Zaina mpaka Isangi bila kupumuzika."

Sifa hizo ndizo zilizoniponza. Asubuhi ya siku ya posa, Jumamosi (ningeweza kulala tu, kama watu wenye akili), niliamua kukaza misuli kidogo, maana niliamini kwamba mbio kali zinaimarisha paja papo hapo, jinsi unavyokaza kamba. Nikaenda kwenye barabara inayoteremkia mto Tshopo, nikapanda na kushuka mara nane kwa nguvu zote, saa yangu ikionyesha kila mzunguko unaushinda uliotangulia, na kwenye kushuka nilijiachia kama jiwe, kisha nikarudi nyumbani natembea vizuri, napumua vizuri, nimejaa furaha.

Sasa, kwa papa Rajabu mchumba hakai kitini. Anaketi mkekani, amekunja miguu, hasemi, mjomba anamsemea. Dua ikiisha anainuka peke yake, bila kushika kitu, aende kumpa baba mkono, na wazee wote wanatazama anavyoinuka.

Tonton alisema karibu saa nzima. Dua ikasomwa. Papa Rajabu akanitazama, nikaiamuru miguu, ikakataa. Sikusikia maumivu makubwa, na hilo ndilo linalonishtua hadi leo: mapaja yalikuwa kama ya mtu mwingine asiyenijua. Nikajaribu tena, nikanyanyuka kiasi cha shibiri, nikarudi chini kwa kishindo.

"Simama, mutoto, watu wanangoja," tonton alininong'oneza bila kufungua meno.

"Haiwezekani, tonton."

"Namna gani haiwezekani? Miguu si iko yako?"

Mara ya tatu mkono wangu ulitafuta msaada wenyewe, ukalipata pazia lililotenga upande wa akina mama, nikavuta, nalo likaja pamoja na mti wake. Papa Rajabu akafunikwa mwili mzima. Nyuma yake wakabaki wazi akina mama sita waliokuwa wakisikiliza, mmoja na andazi mdomoni, na Zaina, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, akinitazama nilivyopiga magoti na mikono chini kama mbuzi.

Papa Rajabu alipotoka chini ya kitambaa hakupaza sauti. Aliinama, akaninusa mdomo.

"Hapana pombe," alisema. "Alors, iko mugonjwa?"

"Alikimbia asubuhi, papa," tonton alijibu.

"Nani alimufukuza?"

"Hapana mutu. Iko mazoezi."

"Bon. Mutu anakimbia wakati hakuna mwenye kumufukuza, kisha anashindwa kutoka kwa mukeka. Donc, siku waasi watafika, ni Zaina atamubeba?" Akakunja pazia taratibu. "Mukuje Yumatano, kisha sala ya mchana. Nitatoa jibu."

Nilitolewa nimeshikwa makwapa, mbele ya majirani.

Muuguzi mmoja niliyemweleza alicheka kwanza, kisha akasema mbio za namna ile zinaacha moyo na mapafu salama, lakini zinakula nguvu ya kusukuma, ile ya kuruka na kuinuka, na inarudi yenyewe baada ya siku kadhaa. Sikumwamini, nikapima. Kila asubuhi nilipaka chaki kidoleni, nikaruka na kugusa ukuta. Jumapili alama ilikuwa aibu tupu; Jumatatu ilipanda kidogo; Jumatano ilifika pale nilipozoea kugusa. Nikavaa kanzu. Lakini risasi zilikuwa zimeanza kulia mjini, na hakuna aliyetoka nje.

Nilipoweza kufika kwao, nyumba ilikuwa imefungwa na cherehani haipo. Jirani mmoja alisema wameshuka kwa mtumbwi kuelekea Isangi, mwingine akasema wamepanda lori la Maniema. Tangu hapo sijakimbia kwa nguvu siku ninayotakiwa kusimama mbele ya watu, na sitakimbia.

Kitu kimoja tu hakijanitoka. Mke wa tonton alituambia baadaye kwamba Jumanne jioni, siku moja kabla ya ahadi, papa Rajabu alipita kwao, akamuulizia tonton, hakumkuta, akasimama kidogo mlangoni, kisha akaondoka bila kuacha neno. Mtu mwenye jibu la hapana sidhani angejisumbua kuja. Mwenye jibu la ndiyo, nadhani, angeacha neno.