Aliyekataa Kubeba Ngoma

Walisema sitamaliza hata muhula mmoja chuoni. Mwenyekiti wa kigango chetu, kanisa dogo la mabati huko Bugomora, alinitazama mbele ya watu waliotoka kusali akasema, "Huyu? Atarudi kabla migomba niliyopanda jana haijachipua." Watu wakacheka. Kisha akanipimia kahawa ya maganda nikauze nilipe ada. "Chukua. Nataka nione unavyoshindwa." Ndugu zake nao wakatoa, kwa kuwa mkubwa wao ametoa. Kwetu kahawa ya mkopo hurudishwa kahawa, siku mwenyewe atakayoidai.

Sikushindwa. Mwanza niliosha mabasi alfajiri, nikalinda duka usiku, na katikati nikasoma. Nilirudi na diploma ya ustawi wa jamii, wa kwanza kigangoni kwetu, na viatu nilivyonunua kwa jasho langu. Jimbo Katoliki liliponipa kazi ya uratibu wa ulinzi wa mtoto katika parokia za upande wa Kyerwa, hakuna mjomba aliyenipigia debe. Niliitwa kwa sababu nafaa.

Mwongozo wa jimbo niliujua kwa kichwa. Mtu mzima asibaki na mtoto peke yao mahali palipofungwa. Mafundisho yafanyike mlango ukiwa wazi. Anayesikia jambo aripoti. Asilichunguze mwenyewe wala asipatanishe. Niliufundisha kuanzia Isingiro hadi kwetu, nikiwatafsiria wazee kwa Kinyambo pale Kiswahili kilipowachosha, na nasema bila aibu kwamba hakuna aliyesinzia.

Lakini mwongozo haukutaja ngoma. Kigangoni kwetu, mazoezi ya kwaya ya watoto yakiisha, mtoto aliyeimba vizuri kuliko wote hubebeshwa ngoma aipeleke nyumbani kwa mwalimu. Ni heshima. Njiani wamama husimamisha jembe na kupiga vigelegele. Mimi niliibeba utoto wangu wote, na sijaona aliyeibeba kwa maringo kama mimi.

Ndiyo maana nilishtuka Jumamosi ile. Mwalimu wa kwaya, mdogo wake mwenyekiti, alimtaja binti mmoja wa darasa la Komunyo ya Kwanza, mwenye sauti iliyojaza kanisa. Binti akatikisa kichwa.

"Beba ngoma, wewe," wenzake wakamwambia.

"Sibebi."

"Anaringa!" mmoja akacheka. "Mjukuu wa vibarua, anaringa!"

Mwalimu naye akacheka, akampa mwingine. Mimi sikucheka. Mtoto hakatai ngoma ile. Nilimwagiza mwalimu aache ngoma kanisani, nikawaambia watoto waende nyumbani wote pamoja.

Binti aliishi na bibi yake, mama mzee ambaye watu wake walitoka Burundi zamani. Alilima kibarua kwa mwenyekiti, na nyumba yake ilisimama kwenye ardhi ya mwenyekiti. Nilikwenda na mama mmoja wa kamati yetu ya ulinzi. Nikakaa mbali kidogo, chini ya migomba, yeye akakaa na mtoto akimenya maharage. Hakumuuliza mengi. Baada ya muda binti akasema, bila kuinua macho, "Nikipeleka ngoma anafunga mlango." Kisha akasema jambo alilofanyiwa, ambalo siliandiki hapa. Ni lake.

Hatukumuuliza zaidi. Jioni ile ile nilikuwa kwa paroko. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nenda polisi. Jimboni napiga simu mimi mwenyewe." Asubuhi tulikwenda na binti na bibi yake kwenye dawati la jinsia na watoto, kisha hospitali. Kabla ya Jumapili iliyofuata mwalimu alikuwa ameondolewa kwenye huduma yoyote ya watoto.

Mwenyekiti hakukaa kimya. Wiki iliyofuata alifika kwa bibi na wazee wenzake, mbuzi, na kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Desturi inajulikana: aliyekosewa akinywa kwanza, jambo limekwisha, na hakuna atakayelitaja tena, hata mbele ya hakimu. Mama wa kamati alinipigia simu. Pikipiki yangu haijawahi kukimbia vile.

Nilikuta bibi ameshika mrija wa kibuyu, bado hajanywa.

"Shikamoo wazee," nikasema.

"Marahaba, msomi," mwenyekiti akajibu. "Kaa unywe. Haya ni ya nyumbani."

"Jimbo limekataza kupatanisha mambo haya, mzee. Na polisi wameshaandika."

"Jimbo! Nani alikusomesha wewe, jimbo au kahawa yangu?"

"Kahawa yako, mzee. Nashukuru."

"Basi kaa."

Sikukaa. Nilichuchumaa mbele ya bibi. "Bibi, ukinywa, mtoto atabaki peke yake na maneno yale. Usinywe, waitu, mpendwa wetu."

"Na nitalala wapi, mwanangu?" akauliza kwa sauti ndogo. "Nyumba hii iko kwake."

"Nimeshaongea na paroko. Kuna nyumba ya parokia, ina migomba yake."

Bibi alimtazama mjukuu wake aliyesimama mlangoni. Akauchomoa mrija kibuyuni, akaupangusa kwa kanga, akamrudishia mwenyekiti kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha heshima.

Mwenyekiti alisimama. "Nataka kahawa yangu," akaniambia. "Yote. Na ya ndugu zangu. Tuone diploma inachuma kahawa namna gani."

Ilichuma. Msimu ule niliamka kabla ya jogoo, nikachuma shamba la marehemu baba mti kwa mti, nikaanika mwenyewe, na iliyopungua nikainunua kwa mshahara wangu. Kahawa ilipokauka niliifunga kwenye magunia. Vijana wa kigango wakayasukuma kwa baiskeli, mimi nikatangulia nimevaa viatu vyangu vya Mwanza. Nilianza na ndugu zake, nyumba moja baada ya nyingine, kila mmoja nikimpimia mbele ya majirani. Nikamalizia kwake. Alileta debe lake mwenyewe, akalijaza na kulisawazisha kwa mkono, akamwaga, akajaza tena, mpaka gunia la mwisho likalegea.

"Tumemalizana," akasema.

"Mimi na wewe, mzee, ndiyo," nikamjibu. "Kesi ya mtoto inasikilizwa Jumatatu."

Nikaaga, nikapita kanisani. Ngoma ilikuwa imetundikwa ukutani, na watoto walikuwa wanafanya mazoezi na walimu wawili, milango yote wazi. Sauti ya binti niliisikia tangu barabarani.