Kitabu cha Gari la Misheni

Nilisema uongo, tena kahawa ya mwenzangu ikiwa mdomoni. Ilikuwa kwenye gereji, hapa kwetu Kaisho. Jirani yangu mwenye duka amenunua gari kuukuu la Kimarekani aina ya pikapu, lile ambalo marehemu baba yangu aliliendesha misheni, naye anataka kulirudisha lilivyotoka kiwandani. Alinipokea kwa kunimiminia kiganjani punje za kahawa za kutafuna, na kwetu ukishatafuna kahawa ya mtu, humfanyii hila.

"Mtandao unanichanganya," akasema, akininyooshea simu. "Huku wanasema injini ina nguvu za farasi tisini, huku mia na ishirini."

Fundi akacheka. "Bosi, hapa hata punda hatuna! Tukikisia, tutaagiza pistoni za gari jingine."

Jirani akanigeukia. "Ndugu yangu, mzee hakuacha kile kitabu cha kiwandani chenye vipimo vyake?"

"Mchwa walikimaliza," nikajibu, nikiendelea kutafuna.

Kitabu kipo sandukuni, chini ya Biblia. Wivu ndio ulionijibia: kwa nini yeye akalie kiti cha baba, nami mtoto wake natembea kwa miguu?

Hakukasirika. Alifuta vumbi la mlango wa dereva kwa kiganja. "Basi, hapa nitaandika jina la mzee, dereva wa kwanza. Hilo halihitaji kitabu."

Nikaimeza kahawa yake. Mchwa nimewasingizia; mla kitabu ni mimi.

Jumapili, ibada ikiisha, nitampelekea kitabu. Wasomaji wangu, niombeeni nisirudie njiani.