Rejime ya Dokteri

Niseme ya aibu kwanza, iishe: dokteri wa moyo aliniambia nifuate rejime, na mimi nikala chikichi. Asubuhi nilikula, saa sita nilikula, na kabla ya kulala namung'unya zingine kidogo, kama mutu anamaliza siro ya kikohozi. Nilikuwa nalamba vidole nikijua ninajitunza.

Ngojeni kwanza kucheka. Hapa Rumonge mutu yeyote wa mawese anajua rejime ni nini. Ni ule mukungu wa chikichi wenye miiba, unakatwa juu ya muti, unaanguka chini puu. Kazi yangu iko kwenye presi, kukamua mafuta, na tangu niache shule katikati sijasikia rejime ingine. Sasa mutu wa koti nyeupe ananiambia rejime, nifikiri nini?

Kriz yenyewe, moyo kukamatwa ghafula, ilinikuta palepale kwenye presi. Tulikuwa tunazungusha chuma na rafiki yangu, yeye upande huu, mimi upande ule, nikasikia kifua kinabanwa. Nikamwambia, "Polepole, sasa unanikamua mimi." Akacheka. Nikaanguka ndani ya makapi. Akaacha kucheka.

Wakanipeleka Bujumbura. Dokteri alikuwa kijana, Kiswahili yake ya kuokoteza, anajazia na Kifaransa. Siku ya kutoka akanikazia macho. "Muzehe, moyo yako iko na kidonda. Ikikamatwa tena, hatutakupata. Dawa kila siku. Halafu rejime, rejime kabisa. Na kila asubuhi, la marshe."

"Wii, dokteri," nikajibu. Hiyo wii ndiyo Kifaransa iliyonibakia toka shule, na ninaitumia kila mahali.

Bibi yangu alikulia Tanzania, kambini kwa wakimbizi, Kifaransa hajui. Nilipoagiza chikichi akaniangalia. "Baba watoto, mafuta yote hayo kwa moyo mgonjwa? Una hakika?"

"Mama watoto, kati yetu nani alisoma?"

Akaenda kuosha sufuria. Lakini alikuwa anaogopa. Tukilala aliniwekea mukono kifuani, asikie kama bado ninagonga. Basi akachemsha chikichi na chumvi, sufuria nzima, akaziombea kabla ya kupakua. Rafiki yangu wa presi ndiye aliyeleta rejime kwa baiskeli, anachagua zilizoiva vizuri. Akaanza kula na yeye. "Mimi sitangoja kriz," akasema. "Ninajikinga."

Ile la marshe nayo nilielewa vilevile: marshe ni soko, basi niende soko. Soko inaponya moyo namna gani sikujua, lakini dokteri si mutu wa kubishana naye. Kila asubuhi nilishuka kwa miguu toka kwetu mulimani mpaka sokoni, nikasalimia amahoro, nikabonyeza nyanya, nikapanda tena bila kununua kitu. Mama mumoja muuza samaki ndagala akachoka na mimi.

"Papa, kila siku unatafuta nini hapa?"

"Moyo," nikamujibu.

"Moyo inauzwa kwa wachinjaji. Upande ule."

Siku ya kurudi kwa dokteri tulienda na bibi. Wakanitoa damu. Dokteri akaangalia karatasi, akaniangalia, akaangalia karatasi tena. "Mafuta ndani ya damu imepanda vibaya. Rejime unafuata?"

"Wii, dokteri. Na chumvi kidogo."

"Unakula nini hasa?"

"Si hiyo rejime, dokteri."

Bibi ndiye alimuelezea, na Kiswahili chake kile safi, mpaka sufuria na maombi. Dokteri akafunika uso, mabega yakitikisika. Nikaona analia, basi nimekwisha, nikaanza kuwaza nani ataachiwa presi. Kumbe anacheka. Halafu akaacha kucheka, na hapo ndipo niliogopa.

"Muzehe, rejime ni kuacha. Kuacha mafuta, kupunguza chumvi. Ungeendelea hivyo, bibi yako angekuja hapa peke yake kuchukua nguo zako."

Bibi akanishika mukono, akaukaza.

Dokteri akasoma tena karatasi. "Lakini presha iko muzuri. Na pumzi. Unatembea sana?"

"Hapana, dokteri. Ninaenda tu soko, vile ulisema."

Akaketi. Kumbe la marshe ni kutembea, soko ni le marshe. Nikamwambia basi hiyo nimeikosea vizuri.

Sasa miaka imepita na bado ninagonga. Ninakula samaki mukeke wa kuchemsha na ndimu, na mboga ya lengalenga bila tone la mafuta. Mafuta ninakamua muchana kutwa, ninarudi nyumbani ninanuka mawese mpaka masikioni, na ninakula majani. Soko ninaenda kila asubuhi. Yule mama wa ndagala anauliza kama moyo nimeipata, na nyumbani Kifaransa nimekatazwa kuliko chumvi.

Ila kazi ngumu ilikuwa kumwambia rafiki yangu. Nilimukuta kwenye presi, amekaa juu ya gunia, midomo imekuwa myekundu, kiganja kimejaa chikichi za kuchemsha. Nikamuelezea yote. Akaacha kutafuna. Akaangalia kiganja, akaniangalia mimi.

"Sasa mimi," akasema, "niliyekula kwa kukusindikiza, nikifika kwa dokteri niseme ninaumwa nini? Kifaransa yako?"